Mkeka Nilioukata Waberi

Magoti yangu yamekataa ngazi, kwa hiyo nimeweka brashi chini. Nyinyi vijana wa rangi mnaokaa nje ya duka la vifaa mkisubiri kuitwa kazini mmenisumbua tangu nistaafu: Mama Mutheu tuandikie, Mama Mutheu tuandikie. Haya. Sitawaambia nililipwa nini wala nani alinipa kazi kubwa kubwa. Hayo yalishaliwa na kusahaulika. Nitawaambia habari za kuta, na hasa ukuta mmoja ulioniaibisha wakati nilikuwa fundi mzima mwenye jina lake.

Nilizaliwa Mwingi. Nilikuja Garissa nikiwa msichana, kumpikia mjomba wangu Nzioki, fundi wa rangi. Jikoni sikukaa sana. Nyumba nyingi hapa mwanamume mgeni haingii vyumba vya ndani wakati wanaume wa nyumba hawapo, na wanaume wa nyumba mara nyingi walikuwa hawapo. Huyu yuko mpakani Liboi na mizigo, yule yuko na ngamia. Mjomba angepaka veranda na sebule, akifika kwenye pazia la ndani anasimama kama gari lililoishiwa na mafuta. Siku moja akanitia brashi mkononi akasema, "Ingia wewe." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Hapakuwa na barua.

Chumba changu cha kwanza nilikipaka rangi ya mafuta, waridi iliyokoza, ikang'aa mpaka nikajiona mwenyewe. Siku ya tatu tukaitwa. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na chini yake unga mweupe ulikuwa ukimwagika sakafuni. Mwenye nyumba alikuwa amerudi, akamruhusu mjomba aingie. Mjomba hakunigombeza. Aliinama, akaulamba ukuta kama mtu anayeonja mchuzi, akasema, "Chumvi." Maji ya kisima yaliyochanganyiwa saruji yalikuwa na chumvi, na chumvi hiyo haiishi kutoka nje. Tangu siku hiyo nimelamba kuta nyingi kuliko nilivyolamba asali. Shikeni hili: ukuta wa chumvi hauoshwi, kwa sababu maji yanairudisha ndani. Unaukwangua, unaupiga brashi kavu, unausubiri, halafu unaupaka rangi ya maji inayouacha upumue. Mteja atakwambia unachelewa. Atakutolea na methali ya kuziba ufa, akidhani wewe fundi hujawahi kuisikia.

Mapambo nilijifunza kwa wateja wenyewe. Nilikuwa natazama mikono ya wanawake waliotoka kupakwa hina, naomba ruhusa, nachora maua yale kwenye daftari. Nyumbani nayahamisha kwenye picha za eksirei za zamani, nayakata kwa wembe, kisha naibandika ile picha ukutani na kuigongagonga kwa sifongo yenye rangi. Ilikuwa inapendeza sana, ingawa mama mmoja alikataa katakata ukuta wake uguswe na mbavu za mtu asiyemjua. Nilining'iniza vibuyu vya maziwa. Nilitengeneza fremu za vioo kwa mbao za masanduku ya chai. Na kabla ya kuchora ngamia mwenye macho kwenye chumba ambacho watu wanaswali, niliuliza. Nanyi muulize.

Lakini nilichojivunia zaidi ni kunyoosha. Mjomba aliniachia timazi yake ya shaba na pimamaji yenye kioo kilichopasuka, na macho yangu yakazoea mpaka mstari uliopotoka upana wa punje ya mchele ulikuwa ukinikosesha raha. Watu walisema, ukitaka ukuta ulionyooka mwite Mama Mutheu. Nikaamini kwamba kunyoosha ndiyo kazi yenyewe.

Sasa sikieni ya mtaa wa Waberi, hapa hapa Garissa. Mama Halima alikuwa na duka la vitambaa mjini, mwanamke ambaye hata madalali walimpisha njia. Binti yake Hodan alikuwa anaolewa Ijumaa, na nyumba ya maharusi ilikuwa mpya, haijakaliwa. Mama Halima aliniita sebuleni, akanyoosha mkono kwenye ukuta mkubwa unaotazamana na mlango.

"Abaayo," akaniambia, maana aliniita dada tangu tujuane, "kila nyumba iko na maua ya jipsamu. Kila nyumba iko na karatasi ya kubandika, baada ya mwezi inaanguka na joto. Mimi nataka kitu mtu akiingia anyamaze."

Nikamshauri tuweke kebed. Ni mkeka mrefu, mzito, wa nyuzi za magome, ambao wanawake wa wafugaji huufuma kwa miaka kwa ajili ya kufunika nyumba ya kuhama, na wanawake wa ukoo ndio waliokuwa wakimwandalia bibi harusi kwa siku ya kuolewa. Nilishauona umelala chini, umeviringishwa kwenye mizigo, lakini sikuwahi kuuona ukutani. Nilipanga kupigilia fito za mbao, mkeka ufungwe juu yake kwa kamba, na nafasi ya kidole iachwe nyuma ili ukuta upumue. Mama Halima alifurahi. Mama yake, ambaye Hodan humwita Ayeeyo, yaani nyanya, Ayeeyo Dahabo, alikuwa Buna, kule Wajir, na alikuwa na mkeka aliomfumia Hodan tangu mtoto yule alipozaliwa. Simu ikapigwa. Jumatatu mkeka ukafika juu ya lori, umefungwa kama mtu mgonjwa.

Niliufungua Jumanne asubuhi, niko peke yangu. Ulikuwa mzuri sana. Kahawia na nyeusi, umekazwa mpaka huoni mwanga. Nikaanza kuufunga kwenye fito kutoka kushoto. Nilipofika kulia nikakuta mambo mawili. Mkeka ulizidi ukuta kwa kama dhiraa moja. Na dhiraa hiyo ya mwisho ilikuwa mbaya: mistari imepanda na kushuka, nyuzi huku zimekazwa na kule zimelegea, ukingo umepinda. Nikadhani mtu mwingine aliimalizia kwa haraka, au mtoto alichezea. Nilimpigia Mama Halima dukani, nikamweleza wazi: umezidi, na mwisho umeharibika, nikate?

"Wewe ndiyo fundi," akasema. "Fanya itoke vizuri."

Nikachukua mkasi wa kukatia bati nikakata. Dakika kumi hazikupita. Nikaurudisha ukingo ndani, nikaupigilia, nikaweka pimamaji, na kiputo cha hewa kikatulia katikati kabisa. Nawaambia ukweli, nilipiga makofi mwenyewe. Kile kipande nikakitupa pembeni pamoja na makopo na karatasi za msasa.

Hodan alikuja saa nane mchana, amebeba mapazia mapya. Alisimama mlangoni, akanyamaza kama mama yake alivyotaka watu wanyamaze. Kisha macho yake yakashuka kwenye takataka zangu. Akaweka mapazia chini, akapiga magoti, akakiokota kile kipande na kukiweka mapajani.

"Mama Mutheu, umekata?"

"Palikuwa pameharibika."

"Hapajaharibika. Hapa ndipo macho ya Ayeeyo yaliisha." Alikuwa akizungumza polepole, kama anayemweleza mtoto. "Kila mtu alimwambia awaachie wengine wamalizie. Akakataa. Alimaliza kwa vidole, miaka mitatu. Na Alhamisi anakuja. Hataona ukuta wako. Ataushika."

Nilikaa juu ya kopo la rangi. Nilihisi baridi, Garissa, saa nane mchana. Nimewahi kuanguka kutoka kwenye ngazi, nimewahi kumwaga rangi juu ya zulia la watu, lakini aibu kama ile sikuijua. Mwanamke kipofu amefuma miaka mitatu gizani, na mimi mwenye macho mawili nimekata nikiwa nafurahi. Na nyuzi mahali nilipokata zilikuwa zimeanza kuachia, moja baada ya nyingine.

Mama Halima alifika, akaelezwa. Kwanza alisema hakuniambia nikate. Sikubishana naye, mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Kisha sauti yake ikashuka, na hapo nikagundua kwamba mwanamke huyu anayeogopwa na soko zima alikuwa anamwogopa mama yake, hooyo kwa lugha yao.

"Hooyo alisema hii mkeka ndiyo baraka yake kwa Hodan," akasema. "Akijua imekatwa, ataondoka. Nyanya ya bibi harusi akiondoka kabla ya harusi, watu watasema nini? Abaayo, tafuta dawa."

Jumatano asubuhi nilikuwa kwenye soko la mifugo kabla hata mbuzi hawajashushwa. Kuna wanawake pale wanaouza vyombo vya maziwa na mikeka midogo. Niliulizia, nikaelekezwa kwa Sahra, mama wa makamo mwenye vidole vilivyokakamaa kama kamba. Alikishika kile kipande nilichokuja nacho, akakinusa, akazichambua nyuzi zilizokatwa.

"Kufuma tena si kazi ya siku moja," akasema. "Leo naweza kushona tu. Jicho itadanganyika. Mkono haitadanganyika."

Alikuja, akashona kutwa nzima. Alizuia nyuzi zisiendelee kuachia, akaunganisha, na kwa mbali huwezi kuona kitu. Kipande kilichozidi tukakikunja kwenye kona, kikaendelea kwenye ukuta wa pembeni, jambo ambalo ningeweza kulifanya tangu Jumanne kama ningetumia akili badala ya mkasi. Nilipitisha kidole. Mshono ulikuwa umesimama kama kovu, tangu juu hadi chini.

Hapo Mama Halima akatoa dawa yake. Kabati la vyombo, kubwa la vioo, lililonunuliwa kwa ajili ya maharusi, lisogezwe mpaka kwenye kona, lifunike mshono na kile kipande cha mwisho. Mzee ataushika mkeka mpaka kwenye kabati, ataridhika, harusi itapita. "Yeye haoni," akasema, na aliposema hivyo hakumtazama mtu.

Hodan alinitazama mimi. Ningekataa, lakini niliogopa. Niliogopa kuvuruga harusi, niliogopa jina langu, niliogopa yule bibi ambaye sijawahi kumwona. Nilishika upande mmoja wa kabati, nikasukuma.

Alhamisi tulingoja. Gari lilikuwa limetoka Wajir alfajiri. Saa nne halijafika, saa sita halijafika. Simu ilisema wako kwenye kizuizi, abiria wote wameteremshwa wanakaguliwa vitambulisho. Mama Halima alizungukazunguka sebuleni akipanga mito iliyokwisha kupangwa. Mimi kazi ilikuwa imeisha, ningeweza kwenda zangu, lakini nilibaki nikifuta madoa ambayo hayakuwepo. Wanawake wa ukoo walitarajiwa baada ya sala ya alasiri.

Saa saba Ayeeyo Dahabo akaingia, ameshikwa mkono na Hodan. Mwembamba, mrefu, ana vumbi la barabara kwenye shuka lake. Hakutaka maji, hakutaka kukaa. Kiswahili chake alikipata kwa kuwauzia maziwa walimu na askari wa Buna, na akakitumia mara tu alipoambiwa fundi yupo.

"Niwekeeni mkono kwa ukuta," akasema.

Alianza kushoto. Mikono yote miwili, polepole, akiongea peke yake. Mahali fulani alicheka akasema hapa Hodan aliota meno. Mahali fulani alisema ule mwaka mvua ilikataa. Nilikuwa nikihesabu hatua zake. Nilitamani ukuta urefuke. Vidole vikagonga ubao.

"Hii ni nini?"

"Kabati, hooyo," Mama Halima akasema haraka. "Mkeka inaendelea nyuma. Nafasi ilikuwa kidogo."

Bibi akasimama, kiganja chake juu ya mbao. Kisha akaitikia kwa kichwa. Akakubali. Hodan akamkalisha kwenye mto, akamletea chai yenye maziwa ya ngamia. Nikavuta pumzi. Yalikuwa yameisha, nilichobakiza ni kuchukua ndoo yangu na kutoka.

"Fundi," akaniita. "Karibu."

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Akautafuta mkono wangu, akaupata, akaushika.

"Ile mwisho nyuma ya kabati si mzuri. Mimi najua. Nilifuma na macho imekwisha. Niliogopa fundi wa mjini ataona mbaya, atakata. Wewe hukukata. Mungu akubariki."

Vijana, kuna shukrani ambayo ni nzito kuliko tusi. Mama Halima alikuwa nyuma yake, ananitikisia kichwa: usithubutu. Hodan alikuwa ameinamisha uso. Kwetu tunasema mficha uchi hazai, na mimi sikutaka kukaa na jambo lile mpaka kaburini.

"Ayeeyo," nikasema, "nilikata."

Hakuachia mkono wangu. Hakuukaza pia.

"Niliona umepinda, nikakata kwa mkasi. Jana mwanamke amekushonea. Kabati tumeliweka ili usijue. Nilisukuma mimi."

"Abaayo!" Mama Halima akapiga kelele, kisha akaanza Kisomali kwa kasi, na ingawa miaka yangu hapa imenifundisha mengi, sikuhitaji kuelewa. Bibi alinyanyua kidole kimoja, na binti yake akanyamaza kama msichana wa shule.

"Kabati," akasema bibi.

Tulilisogeza mimi na Hodan. Ayeeyo akaja, akaweka vidole kwenye mshono, akaufuata tangu ulipofikia mkono wake juu hadi chini sakafuni. Nilijiandaa kusikia laana. Nilijiandaa kumwona akiomba shuka lake na kurudi garini.

"Aliyeshona anajua kushona," akasema. "Toa."

"Nitoe nini, Ayeeyo?"

"Uzi yote. Fungua."

"Hooyo, wageni wanakuja!" Mama Halima karibu alie.

"Wageni wana miguu. Watasimama."

Tukaushusha mkeka kutoka kwenye fito, tukautandaza sakafuni. Nikafungua kazi ya kutwa nzima ya Sahra kwa ncha ya kisu cha kuondolea rangi. Nyuzi zikasimama pande zote mbili kama nywele. Nikamsogezea bibi, nikidhani atafuma mwenyewe. Akarudisha mikono yake ndani ya shuka.

"Mimi yangu nilimaliza," akasema. "Wewe ulikata, wewe funga. Kaa chini. Na funga macho, hayo macho yako ndiyo ilileta shida."

Nikafumba macho. Akakaa nyuma yangu, akachukua vidole vyangu kimoja kimoja, akanionyesha: huu unapita chini, huu unaruka miwili, vuta, sasa kaza kwa ukucha. Nikikosea alinipiga kofi dogo kwenye kifundo. Nilikosea sana. Jasho lilinitiririka, mgongo uliniuma, na nje nilisikia adhana ya alasiri, kisha viatu vikivuliwa mlangoni, kisha sauti za wanawake zikiingia zikiwa na vigelegele na kukatika ghafla. Hakuna aliyewaeleza kitu. Walituzunguka wakatazama mwanamke Mkamba mwenye rangi kwenye nywele akifuma kebed ya maharusi amefumba macho. Mmoja akaanza kuimba taratibu, wimbo ambao wanawake huimba wakifuma, na wengine wakaitikia. Mama Halima alikuwa wa mwisho kuitikia, lakini aliitikia.

Sikuimaliza siku ile. Nililala pale kwao, na Ijumaa asubuhi nikaendelea huku Hodan akipambwa chumba cha pili. Fundo la mwisho nililikaza kabla ya adhuhuri. Nilipofumbua macho nilitaka kulia. Mahali pangu palikuwa vilima na mabonde, uzi mmoja umevimba, mwingine umezama. Kwa pimamaji ni bora hata nisiseme. Tukaupandisha ukutani, ukapinda kona, na kipande cha mwisho kikakaa wazi ambapo kila mtu angekiona.

Ayeeyo Dahabo alisubiri wageni waketi. Kisha akaomba aongozwe ukutani, akaanza tena kushoto, mbele ya watu wote, meno ya Hodan, mwaka wa ukame, mpaka akafika kwangu. Vidole vikasimama. Vikapanda, vikashuka, vikarudi vikahakikisha.

"Hapa ni wewe, fundi," akasema. "Imepinda kuliko yangu."

Sebule nzima ikacheka, na Mama Halima akacheka mpaka akashika meza. Bibi hakucheka. Alibaki amebonyeza kiganja pale, kisha akavuka, na vidole vyake vikaendelea kwenye sehemu aliyoifuma gizani, mpaka mwisho.